Superman dhidi ya Captain Marvel: kesi ya miaka 12 iliyokwisha bila hukumu ya mwisho

Chukua majalada mawili uyaweke sambamba. La kwanza ni la jarida la katuni la Action Comics, toleo namba 1, la Juni 1938. Superman, mwanamume mwenye nguo za buluu zilizombana na joho jekundu mgongoni, amelinyanyua gari la kijani juu ya kichwa chake na kuliponda pua kwenye mwamba. Gurudumu limechomoka. Mbele kabisa kuna mtu anakimbia huku ameshika kichwa kwa mikono miwili. Jalada la pili ni la Whiz Comics namba 2, Februari 1940. Captain Marvel, mwanamume mwenye nguo nyekundu, joho jeupe na mchoro wa radi ya dhahabu kifuani, amelirusha gari likabamiza ukuta wa matofali, na watu wawili wanatupwa nje.

Ukiyatazama kwa dakika moja unaelewa kwa nini mwenye jalada la kwanza alikwenda mahakamani. Ukifungua kurasa za ndani na kusoma kwa saa nzima, unaanza kuelewa kwa nini kesi ilichukua miaka 12, tangu 1941 hadi 1953, na kwa nini hadi leo hakuna jaji aliyetamka neno la mwisho kuhusu nani alikuwa mwizi.

Kisa hiki husimuliwa kwa pumzi moja: Captain Marvel alikuwa nakala ya Superman, mahakama ikasema hivyo, akauawa. Ni usimulizi rahisi na unapotosha. Sehemu kubwa ya kesi haikuhusu kuiga hata kidogo. Ilihusu maneno machache ambayo yalipaswa kuchapishwa chini ya picha za magazetini na hayakuchapishwa.

Kabla ya hapo: Wonder Man

Superman alizaliwa na vijana wawili wa Cleveland, jimbo la Ohio: Jerry Siegel aliyeandika na Joe Shuster aliyechora. Mwaka 1938 waliiuzia kampuni ya Detective Comics hadithi ya kwanza, kurasa 13, pamoja na haki zote za shujaa huyo, kwa dola 130. Kampuni hiyo ndiyo iliyokuja kuitwa National, na ndiyo tunayoiita DC leo.

Mafanikio ya Superman yaliwaamsha wachapishaji wengine wa New York. Wa kwanza kukurupuka alikuwa Victor Fox, aliyeagiza shujaa wake kutoka kwenye karakana ya katuni ya Will Eisner na Jerry Iger. Matokeo yake yalikuwa Wonder Man, katika Wonder Comics namba 1 ya Mei 1939. Detective Comics ikamfungulia kesi mara moja. Jaji John Woolsey akaipa ushindi, na tarehe 29 Aprili 1940 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Pili, inayosikiliza rufaa za kesi za shirikisho kutoka New York, kwa kalamu ya Jaji Augustus Hand, ikakubaliana naye katika jambo la msingi. Wonder Man alikuwa ameshatoweka baada ya toleo moja tu.

Hukumu ya Augustus Hand inafaa kusomwa polepole, kwa kuwa ndiyo iliyoweka mizani ya kila kesi iliyofuata. Alikiri kwamba hakuna awezaye kumiliki wazo la mtu mwenye nguvu kupita kiasi anayewasaidia wanyonge. Wazo hilo ni la zamani kuliko maandishi, na yeye mwenyewe alimtaja Hercules mwema. Kinachomilikiwa ni mpangilio wa matukio, maneno na picha ambazo mtunzi amezibuni. Halafu akaorodhesha: wote wawili huficha nguo za ushujaa chini ya nguo za kawaida, wote huzuia risasi, wote hutajwa kuwa wenye nguvu kuliko watu wote duniani, wote ni watetezi wa wanaoonewa. Tofauti ya kweli aliyoiona ni kwamba mmoja amevaa buluu na mwingine nyekundu.

Hapo pana jambo la kusikitisha kumhusu Eisner. Kwa miaka mingi alisimulia kwamba alipopanda kizimbani alisema ukweli, kuwa Fox alimwagiza aige. Mwaka 2010 mwenendo wa kesi ulipochapishwa, ilionekana kwamba chini ya kiapo alisema kinyume: kwamba wazo lilikuwa lake. Alikuwa kijana wa miaka 22, na Fox ndiye aliyekuwa akimlipa. Simlaumu sana. Ila yatufundishe kuwa na tahadhari tunapopokea simulizi za watu waliokuwemo chumbani, hata wale tunaowapenda.

Mtoto kwenye kituo cha treni

Fawcett Publications haikuwa kampuni ya vichochoroni. Ilikuwa na majarida ya kila aina kabla ya kuingia kwenye katuni. Ilipoamua kuingia, mwandishi Bill Parker na mchoraji C. C. Beck walikabidhiwa kazi ya kubuni shujaa wa kuuza. Jina la kwanza lilikuwa Captain Thunder, likabadilishwa kuwa Captain Marvel kabla hajafika sokoni.

Nenda kwenye kurasa za mwanzo za hadithi yake. Usiku, nje ya kituo cha treni ya chini ya ardhi, kuna mtoto yatima anauza magazeti. Jina lake Billy Batson. Mtu asiyeonekana uso anamwambia amfuate. Wanashuka ngazi, treni ya ajabu isiyo na dereva inawachukua, na mwisho wa safari kuna ukumbi ambao ukutani mwake yamepangwa masanamu saba ya maovu ya binadamu. Mzee mwenye ndevu ndefu amekaa kwenye kiti cha enzi, na juu ya kichwa chake limening'inia jabali kwa uzi mwembamba. Mzee anamwambia Billy atamke jina lake, Shazam, lililoundwa kwa herufi za kwanza za Solomon, Hercules, Atlas, Zeus, Achilles na Mercury. Billy analitamka, radi inapiga, na mahali alipokuwa amesimama mtoto panasimama jitu jekundu. Jabali linaanguka. Mzee anatoweka.

Hapo ndipo ninapotofautiana na wanaosema huyu ni Superman aliyepakwa rangi nyingine. Superman ni mtu mzima kutoka sayari nyingine anayejifanya mnyonge. Miwani na woga wa Clark Kent, jina analolitumia akiishi kama mtu wa kawaida, ni vazi la kujificha. Billy Batson hajifanyi. Ni mtoto kwelikweli, maskini kwelikweli, na nguvu zake zinakuja kwa neno moja ambalo mtoto yeyote aliyelipa senti 10 anaweza kulitamka chumbani mwake. Hadithi ya Superman inamwambia msomaji, "Hujui mimi ni nani." Ya Billy inamwambia, "Na wewe unaweza." Ni hisia mbili tofauti kabisa, na watoto wa Marekani walilijua hilo kabla ya mawakili.

Walilionyesha kwa senti zao. Katikati ya miaka ya 1940 majarida ya Captain Marvel yaliyapita ya Superman kwa mauzo. Mwaka 1944 jarida la Captain Marvel Adventures peke yake liliuza zaidi ya nakala milioni 14, na kuna wakati lilitoka kila baada ya wiki mbili. Studio ya Republic, ambayo mazungumzo yake na National ya kumleta Superman kwenye filamu yalikuwa yamevunjika, ikamchukua Captain Marvel na mwaka 1941 ikatoa filamu ya sehemu 12 iliyoonyeshwa sinema kwa mfululizo. Hiyo ndiyo iliyochochea moto. National ilikuwa imeshaitisha Fawcett mwaka mmoja kabla juu ya shujaa mwingine, Master Man, na Fawcett ikamwondoa baada ya matoleo sita bila kubishana. Safari hii haikukubali. Septemba 1941 kesi ikafunguliwa.

Nani aliiga nini

Kesi ilisikilizwa mwaka 1948, miaka saba baadaye, mbele ya Jaji Alfred Coxe wa mahakama ya wilaya ya New York. Upande wa National ulikuja na visanduku vya picha vilivyowekwa ubavu kwa ubavu: huyu anasimamisha treni, na yule anasimamisha treni, huyu risasi zinamdunda, na yule zinamdunda, huyu anavunja ukuta, na yule anavunja. Upande wa Fawcett ulijibu kwamba matendo hayo ni mali ya kila shujaa tangu hadithi za kale.

Ukiniuliza mimi, National ilikuwa na hoja kuhusu jalada lile la kwanza na baadhi ya hadithi za miezi ya mwanzo. Fawcett iliona bidhaa inauzika, ikataka yake. Hata hivyo shujaa yule alipopata waandishi wake, hasa Otto Binder, alikwenda njia yake. Alikuwa na mchekesho ambao Superman wa wakati huo hakuwa nao. Adui yake mkubwa katika hadithi ndefu ya sehemu 25, iliyoanza 1943, alikuja kugundulika kuwa ni kiwavi mdogo mwenye miwani. Baadaye akapata rafiki simba milia anayeongea na kuvaa koti. Hakuna jaji ambaye angeweza kukuonyesha mambo hayo kwenye kurasa za Superman.

Na kuiga kulikwenda pande zote mbili. Hapo mwanzo Superman hakupaa angani; alichupa tu, umbali wa moja ya nane ya maili kwa mruko mmoja. Captain Marvel alikuwa akipaa tangu mapema. Luthor, adui wa Superman, alipotokea mwaka 1940 alikuwa na nywele nyekundu. Upara wake ulikuja 1941, wakati Sivana, mwanasayansi mwenye upara wa Fawcett, alikuwa ameshazoeleka kwa wasomaji. Fawcett ilileta Captain Marvel Jr. mwaka 1941 na Mary Marvel 1942. Superboy, yaani Superman akiwa kijana, akafuata 1945. Isitoshe, kampuni iliyokuwa inalalamika ndiyo hiyo hiyo iliyomtoa Batman mwaka 1939 kwa hadithi ya kwanza ambayo mwandishi wake, Bill Finger, alikiri kuwa aliijenga juu ya hadithi ya The Shadow, shujaa wa majarida ya hadithi wa wakati huo. Mkuki kwa nguruwe.

Alama iliyosahaulika

Coxe alitoa uamuzi wake mwaka 1950, na uliwashangaza wote. Kwanza alikubali kwamba Fawcett iliiga. Kisha akasema Fawcett imeshinda.

Imekuwaje? Sheria ya hakimiliki ya Marekani ya 1909 ilikuwa kali kwa namna ambayo msomaji wa leo anaweza asiiamini. Kazi ikichapishwa bila tangazo la hakimiliki linaloeleweka, pamoja na jina la mwenye mali, ilikuwa imeingia mikononi mwa umma. Hapakuwa na kusema "nilisahau". Sharti hilo liliondolewa tu Marekani ilipojiunga na Mkataba wa Berne mwaka 1989. Sasa, tangu Januari 1939 Superman alikuwa pia katuni ya kila siku magazetini, ikisambazwa na wakala aitwaye McClure. Katika baadhi ya katuni hizo tangazo halikuwepo, au liliandikwa kwa namna isiyokidhi sheria. Coxe alisema McClure na Detective Comics walikuwa wabia, hivyo kosa la mmoja ni la wote, na kwa uzembe huo hakimiliki ilikuwa imetelekezwa.

National ikakata rufaa, na mwaka 1951 faili likafika kwa Jaji Learned Hand, binamu wa yule Augustus wa kesi ya Wonder Man, na kwa maoni ya wengi jaji mkubwa kuliko wote waliowahi kuandika kuhusu hakimiliki nchini humo. Tangu mwaka 1930, katika kesi kuhusu tamthilia, alikuwa amekwisha kueleza ugumu wa kuchora mstari kati ya wazo, ambalo ni la watu wote, na namna lilivyoelezwa, ambayo ni ya mtunzi.

Alichofanya Hand ni kutenganisha maneno mawili ambayo Coxe aliyachanganya. Kutelekeza ni jambo la kukusudia: mwenye mali lazima afanye tendo la wazi linaloonyesha kuwa anaiachia na kuwaruhusu watu waichukue. Kupoteza ni jambo jingine: unaweza kupoteza kwa kukosea utaratibu, bila kutaka. Detective Comics haikuonyesha popote nia ya kumwacha Superman. Kwa hiyo katuni zilizotoka bila tangazo sahihi zimepotea, basi. Zile nyingine zote bado zina mwenyewe. Mtu aliyesahau kufunga dirisha moja hajaigawa nyumba.

Halafu likaja sharti ambalo wasimulizi wengi huliruka. Hand hakusema Captain Marvel kama mhusika ni wizi. Alirudisha faili chini na kutaka ichunguzwe katuni moja baada ya nyingine: ipi ya Fawcett imeiga ipi ya National, na je, ile ya National ilikuwa na tangazo halali? Mwaka 1952 alifafanua tena kwamba hakimiliki haifiki kwenye wazo, na kwamba mtu hajakosa mpaka ashuke hadi kwenye yale mahususi ambayo mtunzi ameyaeleza. Kwa maneno mengine, kulikuwa na mamia ya hadithi za kulinganisha, kisanduku kwa kisanduku.

Zoezi hilo halikufanyika. Vita vya Pili vya Dunia vilikuwa vimekwisha, askari waliokuwa wakisoma katuni kambini walikuwa wamerudi makwao, na mauzo ya mashujaa yalikuwa yameporomoka. Fawcett ikapiga hesabu. Agosti 1953 ilikubali kuilipa National dola 400,000 na kuacha kabisa kumchapisha Captain Marvel. Captain Marvel Adventures ilifungwa na toleo la 150, Novemba 1953, na jarida la mwisho la familia hiyo, The Marvel Family namba 89, likatoka likiwa na tarehe ya Januari 1954. Kampuni ikafunga idara yake ya katuni za mashujaa na watu wakatawanyika.

Kuna tarehe moja katika kisa hiki inayoniuma kila ninapoipitia. Mwaka 1948, National ilipokuwa mahakamani ikieleza jinsi Superman alivyo wa pekee na jinsi ubunifu wake unavyostahili ulinzi, Siegel na Shuster, watu walioubuni, walikuwa wanapambana na kampuni hiyo hiyo katika kesi yao wenyewe iliyofunguliwa 1947. Waliondoka na kiasi cha dola 94,000, na majina yao yakaondolewa kwenye hadithi za Superman. Hayakurudi mpaka mwishoni mwa 1975, baada ya kelele nyingi za wachoraji wenzao na waandishi wa habari, pamoja na malipo ya dola 20,000 kwa mwaka kwa kila mmoja. Hakimiliki iliyotetewa kwa miaka 12 haikuwa ya aliyeshika kalamu.

Aliyesema kwa picha

Miezi michache kabla ya suluhu ile, jarida jipya la dhihaka la Mad, lililochapishwa na kampuni ya EC ya William Gaines, lilitoa toleo lake la nne, Aprili–Mei 1953. Ndani yake mlikuwa na kurasa nane za mwandishi Harvey Kurtzman na mchoraji Wally Wood zilizoitwa Superduperman. Kwangu mimi huo ndio uchambuzi bora wa kesi hii uliowahi kutolewa.

Clark Bent ni msaidizi wa kijana wa kutumwatumwa katika gazeti moja. Anatoa akiba yake yote kumnunulia mkufu wa lulu Lois Pain, na Lois hamtazami mara mbili. Chini ya matambara yake ni shujaa, lakini shujaa anayetumia uwezo wa macho yake kwa mambo ya aibu. Adui anayeutikisa mji anakuja kujulikana: ni Captain Marbles, ambaye ni mwandishi Billy Spafon akishatamka neno "Shazoom". Herufi za neno hilo nazo zina maana zake, na ya mwisho inasimamia fedha. Kifuani, mahali pa radi, Wood amechora alama ya dola. Marbles anaeleza bila haya kwamba ameacha kutenda wema; sasa anatafuta pesa. Wanapigana, majengo yanabomoka, na hakuna anayeweza kumwumiza mwenzake, mpaka Superduperman anapomchokoza Marbles arushe ngumi kwa nguvu zote, anakwepa, na Marbles anajipiga kichwani mwenyewe. Mshindi anamrudia Lois akidhani sasa atapendwa. Anakataliwa kama mwanzo.

Tazama kile Kurtzman alichokiona ambacho mawakili walikizunguka kwa miaka. Ugomvi haukuwa kati ya mema na maovu, wala kati ya asili na nakala. Ulikuwa kati ya biashara mbili, na ile alama ya dola ingeweza kukaa kifuani pa yeyote kati yao. Wasomaji walilipokea, toleo hilo ndilo lililoifanya Mad ianze kuuzika kweli.

National ilitishia kuishtaki EC. Gaines hakurudi nyuma, Mad ikaendelea kuwafanyia dhihaka mashujaa wengine, na kesi haikufunguliwa.

Hapa ndipo penye fundisho la kisheria ambalo kisa hiki hulitoa vizuri kuliko vitabu. Mwigo wa kibiashara na mwigo wa dhihaka vinaweza kufanana sana kwa macho. Wonder Man alichukua sura ya Superman. Superduperman alichukua zaidi, hadi jina, miwani na mwanamke anayempenda. Ila jiulize mtoto aliyenunua kila kimoja alitaka nini. Aliyemnunua Wonder Man alipata shujaa wa kutosha kumfanya asinunue mwingine wiki hiyo. Senti zimehama mfuko. Aliyenunua Mad alihitaji kumjua Superman kwanza ili acheke, na akishacheka hamu ya Superman haijakwisha. Kazi ya kwanza inachukua nafasi ya asili sokoni. Ya pili inaitegemea na kuisema.

Mahakama zilichelewa kufika hapo. Mwaka 1956 Mahakama ya Rufaa ya Mzunguko wa Tisa ilikataa kumlinda mchekeshaji Jack Benny aliyeigiza filamu moja kwa dhihaka, na Mahakama Kuu ya Marekani iligawanyika nne kwa nne mwaka 1958, hivyo uamuzi ukabaki. Mambo yalianza kugeuka 1964, na mlango uliofunguka ulikuwa wa Mad tena: watunzi wa nyimbo, akiwemo Irving Berlin, walishtaki EC kwa kuchapisha maneno ya dhihaka ya kuimbwa kwa sauti za nyimbo zao. Mzunguko wa Pili, mahakama ile ile ya akina Hand, ulisema dhihaka inahitaji nafasi pana ya kupumua. Mwaka 1983 mahakama hiyo hiyo ilikataa madai ya wenye Superman dhidi ya kipindi cha televisheni kuhusu mwalimu aliyepewa vazi la nguvu asiyejua kulitumia, anayepaa huku akitapatapa na kuangukia ukuta. Na mwaka 1994, katika kesi ya muziki, Mahakama Kuu ilikubali wazi kwamba mwigo wa dhihaka unaweza kuwa matumizi halali hata kama unauzwa.

Fawcett isingeweza kutumia hoja hiyo, nami sidai ingepaswa. Captain Marvel alichekesha, lakini hakuwa akimcheka Superman. Alikuwa mshindani.

Walioenda mbali

Huko Uingereza kulikuwa na mchapishaji, L. Miller, aliyekuwa akiuza nakala za Captain Marvel chini ya kibali cha Fawcett. Chanzo kilipokauka alimwomba Mick Anglo ambuni mbadala haraka. Februari 1954, bila kubadilisha hesabu ya matoleo, namba 25 ilitoka ikiwa na Marvelman: kijana Micky Moran, mwandishi wa habari, anayetamka "Kimota" na kugeuka shujaa. Nakala ya kinachodaiwa kuwa nakala iliishi hadi 1963. Mwandishi Alan Moore alipomfufua mwaka 1982, alisema wazi kwamba kilichomwonyesha njia ni Superduperman, akiigeuza dhihaka ile kuwa huzuni kwa kuchukua hatua moja zaidi upande ule ule.

Jina nalo lilipata mwenyewe mpya. Fawcett ilipokaa kimya, kampuni ya Marvel ilimtoa Captain Marvel wake mwaka 1967 na kulishika jina kama alama ya biashara. Hakimiliki inalinda hadithi na picha; alama ya biashara inalinda jina linalouzia, na hubaki hai kwa kutumiwa. Ndiyo maana mwaka 2019 filamu mbili ziliingia sinema zikipishana mwezi mmoja, ya Marvel ikiitwa Captain Marvel, na ya shujaa wa Beck na Parker ikiitwa Shazam!

Otto Binder alikwenda kuwaandikia National. Mwandishi aliyeshiriki kumbuni Mary Marvel ndiye aliyeandika hadithi ya kwanza ya Supergirl mwaka 1959.

Mwaka 1972 DC ilichukua kibali kutoka Fawcett cha kumchapisha yule waliyemzima miaka 19 nyuma. Beck akaitwa kuchora tena, ingawa hakudumu; hadithi alizopewa hazikumridhisha. Jarida lilipewa jina Shazam! kwa sababu lile jingine halikuwa lao tena. Toleo la kwanza lilitoka na tarehe ya Februari 1973. Jaladani Captain Marvel amesimama katikati na nguo zake nyekundu, na kando yake, akivuta pazia ili umma umwone, yupo Superman.